Shajara ya mradi: saa tatu na dakika 26 kwenye DVD moja

Jumatatu, 2 Juni

Leo mama mmoja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, ameniletea kanda nne za MiniDV, zile kanda ndogo za kamera ya video, zimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Ni jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya wazazi wake, ilirekodiwa Aprili 2006 nyumbani kwao, kwenye kijiji kimoja juu kidogo ya Tukuyu. Mzee ameshatangulia. Bibi yupo, na ndiye anayeisubiri kazi hii.

Mwaka uleule wa sherehe kanda hizi zilitengenezewa VCD. Zilitoka diski tatu, kwa kuwa VCD moja hubeba dakika 74 hadi 80 basi. Diski ya pili iliazimwa na haikurudi, na hiyo ndiyo iliyokuwa na hotuba ya mzee. Miaka yote hii bibi anatazama wageni wakiingia, kisha anarukia jioni watu wakiaga, bila kumsikia mumewe.

"Mwanangu," mama akaniambia, "nataka iwe moja. Mama yangu akishaiweka kwenye deki iende mpaka sala ya mwisho. Asitokee tena mtu wa kuazima kipande."

Nikamwomba picha ya deki yenyewe, akanionyesha kwenye simu. Ni deki ya zamani isiyo na tundu la flashi, imeunganishwa na TV ya chogo ya inchi 21. Habari ya flashi ikaishia hapo. Diski iliyojazwa mafaili ya MP4 nayo haifai, maana deki za umri ule haziyasomi. Inabidi iwe DVD ya video kamili, picha iliyobanwa kwa MPEG-2, mfumo wa kubana picha wa DVD, ndani ya folda ya VIDEO_TS.

Aliuliza pia kama nitakata mahali. Nikamwambia sikati salamu ya mtu. Wengi waliosimama siku ile kusalimia hawapo tena, na sauti zao labda hazipo kwingine kokote.

Jumanne na Jumatano, 3–4 Juni

Kamera ya MiniDV nimeazima kwa fundi mwenzangu wa Uyole. Kanda hizi hazikopiwi kama faili. Lazima zichezwe kwa mwendo wake, na data ipite kwenye waya wa FireWire hadi kwenye kompyuta. Saa moja ya kanda ni saa moja ya kusubiri, na inakula kama GB 13.

Kanda zilikaa miaka mingi kwenye sanduku huko Tukuyu, na unyevu wa kule unajulikana. Ya pili ilikuwa na ukungu mweupe mwembamba pembeni mwa utepe, ukiinamisha kwenye mwanga wa dirisha unauona. Nimeizungusha yote hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, ili utepe uachane vizuri. Hata hivyo, kwenye dakika ya 14 picha ilipasuka miraba mikubwa na sauti ikakatika. Nikapitisha kanda ya kusafishia vichwa vya kamera, nikarudia kipande kile peke yake. Kimetoka kizima. Kama ningeacha kipite, kasoro ile ingebaki humo daima, na hakuna programu ambayo ingerudisha maneno yaliyopotea.

Jumla: dakika 61, 60, 58 na 27. Saa tatu na dakika 26. GB 45 hivi kwenye diski ya kompyuta.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya hesabu. Nimeifanya kwa kalamu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea kisha wakasingizia diski.

DVD tupu imeandikwa GB 4.7. Hiyo ni baiti bilioni 4.7, kwa hesabu ya kiwanda inayokwenda kwa elfu. Kompyuta nyingi zinahesabu kwa 1,024, kwa hiyo diski hiyohiyo zinaisoma kama 4.38. Faili ambalo kompyuta ya namna hiyo inakuambia ni GB 4.6 haliingii, hata ukilibembeleza.

Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo baiti bilioni 4.7 ni biti bilioni 37.6. Filamu ina sekunde 12,360. Ukigawa, kila sekunde inapata biti milioni 3.04 kwa kila kitu: picha, sauti na vifungashio vyake. Hiyo ndiyo bitireti ya juu kabisa ninayoweza kumudu. Nikiweka akiba ya asilimia 4, inabaki 2.92.

Sauti ya kanda, jinsi ilivyo bila kubanwa, inakula biti milioni 1.536 kwa sekunde. Ningeiacha hivyo ingemeza nusu ya diski nzima, yaani GB 2.4, kabla sijaweka hata fremu, yaani picha, moja. Nikiibana kuwa AC-3, mfumo wa sauti wa DVD, ya kilobiti 192 inashuka hadi GB 0.3, na kwa hotuba na kwaya zilizonaswa na maiki ya kamera sikio halisikii tofauti. Nimelinganisha kwa hedifoni, nikarudia mara tatu kwenye wimbo wa kina mama. Sauti imepita.

Picha imebakiwa na biti milioni 2.73 kwa sekunde. Kipimo cha DVD kinaruhusu hadi milioni 9.8. Kazi ya kawaida ya saa mbili mimi huipa kati ya 4 na 5. Kwa hiyo nina robo tatu ya kiroba na familia ya viroba viwili.

Njia ya mkato ingekuwa diski ya tabaka mbili, ile ya GB 8.5. Nimezunguka Mwanjelwa na Kabwe sikuipata, na hata ningeipata nisingeiamini kwenye deki ya bibi. Deki nyingi za zamani husita pale tabaka linapobadilika, nyingine hukwama kabisa. Kwa mtu anayetazama peke yake, kukwama katikati ni sawa na kuwa na diski mbili.

Ijumaa, 6 Juni

Jaribio la kwanza. Nimetumia programu ya ffmpeg, picha ya ukubwa kamili wa 720 kwa 576, mapitio mawili. Pitio la kwanza programu inatazama filamu nzima na kuandika wapi pagumu na wapi parahisi. La pili ndilo linalobana kweli, likitoa biti kwenye mepesi na kuzipeleka kwenye mazito. Kwenye kompyuta yangu kila pitio ni kama saa tatu.

Hotuba zimetoka vizuri. Mzungumzaji amesimama mbele ya ukuta, kinachotembea ni mdomo na mkono, na picha iliyofuata inakopa karibu kila kitu kwa iliyotangulia.

Ngoma imevunjika. Ilichezwa uani, mbele ya migomba, na siku ile kulikuwa na manyunyu. Ukitaka kuiadhibu MPEG-2, mpe migomba kwenye upepo na mvua. Kila jani linakwenda upande wake, kila tone ni jipya, hakuna cha kukopa kutoka fremu iliyopita. Programu imetumia biti zake zote kwenye majani, na miguu ya wachezaji ikageuka vigae. Kuna mzee mmoja amevaa njuga, anakanyaga chini tope linaruka. Kwenye kanda unaona hata kamba ya njuga, kwangu nimeona mraba wa kahawia unaorukaruka.

Jioni nayo imevunjika, kwa sababu nyingine. Giza lilipoingia walitegemea balbu mbili za jenereta, kamera ikajiongezea mwanga yenyewe, na matokeo yake ni chenga ukuta mzima. Jicho linazizoea. Programu haizizoei; kwake kila chenga ni kitu kilichosogea, na inakilipia.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeshughulika na chenga peke yake leo. Kabla ya kubana, safisha. Nimetumia kichujio cha hqdn3d, kwa mkono mwepesi sana, na kwenye dakika za jioni tu. Picha za kanda hizi zimejengwa kwa nusu mbili zinazopishana, mistari ya shufwa na mistari ya witiri, kila nusu ikiwa ya wakati wake. Ukisafisha bila kuzitenganisha unachanganya nyakati mbili kwenye uso mmoja. Kwa hiyo nimezitenganisha, nikasafisha, nikazirudisha.

Nilipoongeza nguvu ya kichujio, ukuta ulitulia kama umepakwa rangi jana, lakini mikunjo ya uso wa mzee ikaenda nayo. Nikarudi nyuma. Bora chenga kidogo zibaki kuliko bibi aletewe mume asiye na mikunjo aliyoijua.

Nimejaribu pia ujanja wa kufunika kingo kwa rangi nyeusi. Programu hubana picha kwa kuigawa miraba ya nukta 16 kwa 16. TV ya chogo huficha kando za picha kwa asili yake, na mstari mmoja wa miraba hiyo ukiuzima pande zote nne unaokoa karibu asilimia 10 ya miraba ya kubana. Ni ujanja mzuri. Nimeuacha kwa sababu kwenye kanda ya pili, dakika kumi nzima, kuna mtu amesimama ukingoni kabisa mwa picha, kushoto, kofia mkononi. Mama ameniambia kwa simu ni mdogo wa yule mzee wa jubilei. TV ya bibi labda itamficha, lakini wajukuu wana TV za flati zinazoonyesha picha yote. Abaki.

Jumatatu, 9 Juni

Kosa kubwa la mradi huu nimeligundua leo, na nashukuru limegundulika hapa Mbeya.

Jirani yangu ni mzee fundi redio, bado ana TV ya chogo kibandani. Nimempelekea diski ya majaribio ya dakika kumi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Weka tuone."

Hotuba zikapita. Ilipofika ngoma akasogeza kiti. "Hawa mbona wanakwenda mbele wanarudi nyuma? Wanatetemeka."

Kweli walikuwa wanatetemeka. Mguu unapanda, unashuka kidogo, unapanda tena, kwa kasi ya kuumiza macho. Kwenye skrini ya kompyuta sikuwahi kukiona kitu hicho, kwa sababu kompyuta huziunganisha zile nusu mbili na kuzionyesha pamoja. TV ya chogo inazionyesha moja baada ya nyingine, kwa zamu. MiniDV huanza na nusu ya chini. Mimi nilikuwa nimeiambia programu ianze na ya juu, kama kazi nyingine nyingi. Basi kila mara kilichotokea baadaye kilionyeshwa kwanza.

Kurekebisha ni neno moja kwenye amri. Lakini kama nisingekwenda kwa mzee, bibi angetazama saa tatu na nusu za watu wanaotetemeka na angedhani macho yake yameharibika.

Jumatatu hiyohiyo, usiku

Uamuzi wa picha. Nimeweka vipande viwili vya ngoma kwenye diski moja: kimoja cha upana kamili wa 720, kingine cha nusu upana, 352 kwa 576, ambacho nacho ni kipimo halali cha DVD. Urefu wa picha haubadiliki, na zile nusu mbili hazighasiwi. Miraba ya kubana inashuka kutoka 1,620 hadi 792 kwa fremu, kwa hiyo biti zangu 2.73 zinafanya kazi kama vile zingekuwa 5.6 kwenye picha pana.

Tumekaa na mzee fundi tukazitazama kwa umbali wa hatua nne, umbali wa sebuleni. Ile pana, uso wa mtu aliyetulia ni mkali zaidi. Unaona maua ya kitenge yanavyoachana. Lakini ngoma ikianza inavunjika. Ile ya nusu upana, maua yamelainika kidogo, na ngoma imesimama nzima: njuga, tope, majani, mvua. Mzee hakusita, akanyooshea kidole ya pili.

Nami nakubaliana naye. Jicho huvumilia picha iliyolainika, na baada ya dakika tano limeshasahau. Picha inayovunjika hulishtua kila inapovunjika, na humtoa mtu kwenye sherehe. Tena ile VCD aliyoizoea bibi ilikuwa 352 kwa 288, biti milioni 1.15 kwa sekunde. Hii ina mistari mara mbili na biti zaidi ya mara mbili.

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza kubana filamu nzima saa mbili usiku. Kilele cha bitireti nimekifunga kwenye milioni 7, chini ya kile kipimo kinachoruhusu, kwa sababu deki ya zamani ikisoma diski ya kuchoma hushindwa kwanza pale biti zinapomiminika kwa wingi. Katika kila fremu 15, moja ni kamili, isiyokopa kitu kwa nyingine.

Umeme ulikatika usiku, katikati ya pitio la pili. Kilichoniokoa ni faili la kumbukumbu la pitio la kwanza, lilikuwa limeshaandikwa lote. Asubuhi nikaanzia la pili, nikaokoa saa tatu.

Jumatano, 11 Juni

Imekamilika. Picha na sauti pamoja, baada ya kupangwa na programu ya dvdauthor: baiti bilioni 4.6. Kompyuta inasema 4.3. Imegawanyika mafaili matano ya VOB, kwa kuwa DVD hairuhusu faili moja kuzidi GB 1, lakini deki inayasoma kama mkanda mmoja.

Ile nafasi ndogo iliyobaki nimeiacha makusudi. DVD huchomwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwa na vidole, ndio unaochunika kwanza, na kwenye diski za bei nafuu ndio wenye rangi dhaifu. Huko nje ndiko inakoangukia sala ya mwisho, ambayo mama ameitaja siku ya kwanza. Sikutaka iguse ukingo.

Sikuweka menyu. Ukisukuma diski ndani inaanza yenyewe. Nimeweka alama 14 za kuruka, moja kwa kila sehemu ya sherehe.

Nimechoma kwa kasi ya 4x ingawa diski imeandikwa 16x. Dakika 14 na kitu, kisha K3b, programu ya kuchomea, ikahakiki baiti kwa baiti. Nakala ya kwanza ilifeli uhakiki karibu na mwisho kabisa. Nimeitupa, nikafuta diski inayofuata kwa kitambaa cha pamba kutoka katikati kwenda nje, nikachoma tena. Imepita. Nikaongeza mbili za akiba, na yale mafaili ya GB 45 nimeyaweka kwenye diski mbili za nje: moja yangu, moja ya mama. DVD ni ya kutazama. Asili ni hizo GB 45, na mama ameelewa asizifute hata siku moja.

Jumamosi, 14 Juni

Mama aliniomba niende naye. Tumepanda gari la Tukuyu asubuhi, ukungu umefunga kuanzia Isongole, na kwa bibi tumefika saa nne. Nimemwamkia, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Deki ilichukua sekunde nyingi kuisoma diski, ikasita, ikaita tena. Nilisimama pale nikihesabu. Kisha picha ikatokea, ua, migomba, wageni wanapanda mteremko.

Hakuna aliyezungumza sana. Watu walipojitokeza kwenye picha bibi alitaja majina yao kwa sauti ndogo, wakati mwingine akitangulia kabla hawajageuka. Ngoma ilipita bila kutetemeka na bila kigae. Kwenye saa mbili na dakika nne za filamu mzee alisimama, akavua kofia, akaanza kusema. Bibi aliweka kikombe chini. Dakika 11 zote za hotuba hakukigusa.

Iliendelea mpaka sala, mpaka kamera ilipozimwa. Deki haikukwama mahali.

"Ndaga fijo," akaniambia, asante sana kwa Kinyakyusa. Kisha akamgeukia binti yake: "Mrudishe pale aliposimama."

Hotuba iko kwenye alama ya 9. Nimemwonyesha mjukuu kitufe cha kuruka kwenye rimoti, naye bibi ameshika rimoti akakibonyeza mwenyewe, mara nane tangu mwanzo, akihesabu. Nimeandika 9 kubwa kwenye kasha kwa kalamu ya wino mzito, si juu ya diski.